Karai la Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wetu wa Kirumba alifuga ukucha wa kidole cha mwisho, mkono wa kulia, ukawa mrefu kama kijiko cha dawa. Alichokonolea sikio kwa ukucha huo. Alichotea chumvi kwa ukucha huohuo. Na mchuzi ulipoanza kutokota karaini, aliuchovya humo, akaunyonya, akafumba macho, akasema, "Bado kidogo." Nilikaa nyumba ile tangu nilipoolewa hadi mwaka wa uhuru, na sikumbuki siku niliyoutazama ukucha ule bila kugeuza uso.

Jina lake nalijua. Silitaji, kwa sababu ana watu wake waliobaki na hawakunikosea kitu. Ua mzima tulimwita Baba Mwenye Nyumba, naye akapenda hivyo, maana kila ulipomwita ulikuwa umejikumbusha unalala kwa nani.

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba nyingi za mjini Mwanza siku zile. Vyumba vilitazamana, ua katikati, na nyuma yake mawe makubwa yaliyopanda juu hadi yakaziba upepo wa ziwa. Harufu ikiingia uani haikuwa na pa kutokea. Yeye na mkewe walikaa chumba cha mbele. Mkewe alikuwa Mkerewe, mwembamba, mwenye sauti ambayo ungedhani anaogopa kuamsha mtoto, ingawa hawakujaliwa mtoto. Mimi na mume wangu, fundi cherehani kwenye baraza la duka moja la Mhindi, tulikaa upande wa kisima. Chumba cha mwisho alikaa Kulwa, Msukuma mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, ambaye jioni alirudi mweupe nywele na nyusi kama mzee.

Mwenye nyumba alikuwa amekwenda vita vya Burma. Mambo ya kupigana hakuyasimulia sana. Alisimulia chakula. Waliporudishwa kutoka mstari wa mbele walikaa miezi kadhaa Kalkata, na karibu na kambi kulikuwa na Mchina aliyekuwa na mkahawa wa mlango mmoja. Askari wenzake walipokwenda kutafuta pombe, yeye alikwenda kusimama mlangoni kwa yule Mchina kumtazama anavyopika, hadi Mchina akachoka kumfukuza akampa kisu akate vitunguu. Alichokileta nyumbani kutoka vitani ni hicho, nyama ya ng'ombe na mboga, ya kukaanga haraka, kwa moto mkali.

Sitamdhulumu. Alijua kupika.

Alichukua steki, akaitazama nyuzi zake zinakwenda wapi, kisha akaikata kinyume chake, vipande vyembamba ambavyo ungeweza kuona kivuli cha kidole nyuma yake. Akavilaza kwenye bakuli pamoja na tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, siki kidogo, kijiko cha unga wa muhogo, na sosi nyeusi ya Kichina aliyoinunua dukani mjini, kule walikonunua Wazungu. Unga ule, alisema, unaivika nyama shati, moto usiiunguze ngozi. Mboga alizipanga pembeni kila moja peke yake: karoti alizozichonga kama njiti za kiberiti, pilipili hoho, kabichi, vitunguu vya majani. Hakuwasha jiko hadi kila kitu kiwe kimekatwa. Kisha akaupepea mkaa mpaka ukawa mweupe, akaweka karai kavu, akangoja litoe moshi, ndipo mafuta ya karanga. Nyama iliingia, ikalia, ikageuzwa, ikatolewa. Zikaingia karoti, halafu hoho, halafu kabichi. Nyama ikarudi. Maji kidogo yenye unga na sosi yakazungushwa pembeni mwa karai, yakachemka, yakaganda yaking'aa. Kwisha. Mwanamke aliyekuwa amebandika maji ya ugali wakati mmoja naye alikuwa bado anangoja yachemke.

"Moto mkali, mkono mwepesi," alisema. "Ninyi mnachemsha nyama kama mnafua kanzu."

Mara ya kwanza nilipoonja, kwa kipande alichompa mume wangu ili asifiwe, nilidhani mboga hazikuiva. Karoti ililia menoni. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea, alitema chake kwenye kiganja akakitazama. "Huyu anawalisha majani mabichi," akasema. "Mbuzi wangu angefurahi hapa." Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumeza, na ulimi wangu ulikuwa unataka tena. Hilo ndilo lililoniudhi kwake tangu mwanzo. Kwamba kitu kizuri namna ile kilitoka kwenye mikono ile.

Karai alilisugua kwa mchanga wa ziwani hadi likawaka, akalipaka mafuta, akalitundika mahali ambapo mkewe hakuruhusiwa kuligusa. Lakini kabichi aliiosha ndani ya beseni aliloogea miguu. Kisu alikifuta kwenye paja la suruali. Katikati ya kukaanga alivuta kohozi kutoka mbali, akageuza shingo, akalitemea kwenye jiwe la nyuma ya jiko, na jiwe lile lilikuwa na michirizi iliyokauka kama ukuta wa banda la kuku. Jasho lilimtiririka kidevuni, na macho yangu yalilifuata tone baada ya tone kuona litaangukia wapi. Nikimwambia, "Baba, maji ya kunawa yapo hapa," alinijibu, "Ukimchunguza sana bata, hutamla." Methali hiyo wazee wetu waliisema kwa hekima. Yeye aliitumia kama kitambaa cha kufutia kila kitu.

Akimaliza kupika alikula peke yake. Alikaa kwenye kigoda chake, mgongo ameugeuzia uani, wali mbele yake na karai pembeni, na watoto wa majirani walisimama mlangoni wakimeza mate. Hakuwafukuza. Nadhani alipenda wamtazame. Alisema askari hula peke yake, kwa sababu anayekula na mwenzake leo kesho anamzika. Ilikuwa kauli nzuri, na mgeni angeihurumia. Lakini tuliokaa naye tuliona kwamba vita viliisha zamani na bado mkewe alikuwa anangoja. Aliposhiba aliondoka, na yule mama alikuja na tonge la ugali akalifuta karai kwa ndani, taratibu, akizungusha, apate ule mng'ao uliobaki. Kila siku ya nyama ilikuwa hivyo. Sikumwona hata mara moja akipewa sahani.

Siku moja nilimwuliza, "Dada, kwa nini husemi?"

Akajibu, "Nikisema atanipa. Halafu nitakula chakula alichonipa kwa sababu nimesema."

Niliona ametazama mbali kuliko mimi.

Kuna siku alinitendea wema, na lazima niuseme pia. Nilikuwa na mimba ya Zuhura, mtoto wangu wa kwanza, na malaria ikaniangusha. Chakula chote kilirudi. Uji ulirudi, mchuzi wa sato ulirudi. Mume wangu akaanza kuogopa. Mwenye nyumba akaingia chumbani bila kubisha, na bakuli mkononi, nyama kidogo na mboga nyingi, tangawizi imezidi. Akasema, "Kula." Nikala. Kikakaa. Alisimama juu yangu akinitazama kila nilivyotafuna, hadi nikamaliza na kulamba kijiko. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Lakini kesho yake ua mzima ulijua, na keshokutwa mtaa mzima. Mwaka mzima baadaye, mgeni yeyote aliyekaa kwenye kigoda chake alionyeshwa mimi. "Yule pale. Angekuwa kaburini, yeye na tumbo lake. Nimemlisha mimi." Zuhura alipozaliwa akamshika shavu kwa vile vidole, akasema, "Huyu ameumbwa kwa nyama yangu." Mume wangu alicheka kwa adabu. Mimi nilimwogesha mtoto uso usiku ule kwa maji ya moto na sabuni hadi akalia.

Basi ukaja uhuru. Mji ulikuwa umejaa bendera na watu wa kutoka kila upande, wengine wamekuja kwa miguu. Asubuhi ile Mwenye nyumba alisimama katikati ya ua, amevaa koti lake la zamani la askari, akatuita tutoke vyumbani.

"Leo tumekuwa wenyewe," akasema. "Nimekula peke yangu wakati wa Mwingereza. Leo kila mpangaji wangu atakula sahani yangu. Na jirani aje. Asibaki mtu."

Tulitazamana. Kulwa akaninong'oneza, "Uhuru umefika kweli."

Alipika toka asubuhi hadi adhuhuri, karai baada ya karai. Nyama ilikuwa nyingi, mabeseni mawili yamefunikwa, na safari hii aliikata chumbani kabla hatujaamka. Tangawizi na siki zilizidi siku zote nilizowahi kuona, hadi macho yaliwasha. Nilidhani ni kwa ajili ya wingi wa watu. Tulikula. Mume wangu alirudia. Walikuja wazee wawili wa msikitini, wakala, wakaomba dua, wakamtakia maisha marefu. Na mkewe alipewa sahani. Alimpakulia mwenyewe, akamletea mbele ya watu wote, akasema, "Mama Mwenye Nyumba, karibu." Yule mama aliipokea kwa mikono miwili. Alikula taratibu sana, kipande kimoja kimoja, na nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajilaumu moyoni kwa yote niliyomfikiria yule mwanamume.

Kitu kimoja tu kilinikwaza, nikakiacha kipite. Yeye hakula. Mtu ambaye hakuwahi kuwangoja watu, siku ile alizunguka na upawa akipakulia wenzake, na midomo yake ilikuwa mikavu.

Usiku huohuo Zuhura alianza kutapika. Alikuwa ndiyo kwanza anaacha ziwa, nilikuwa namtafunia kila nilichokula. Ikafuata tumbo la kuendesha, siku baada ya siku, macho yakaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Kulwa naye alijikunja chumbani kwake, hakwenda kiwandani. Tukasema ni joto, ni maji, ni watu wengi mjini. Hospitali walinipa dawa na maji ya chumvi na sukari, nikawa namnywesha kwa kijiko. Nilikuwa nimemlaza mapajani hivyo, uani, pale mzee mmoja alipopiga hodi.

Alikuwa mfugaji, amevaa shuka na viatu vya tairi, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Habari za hapa. Namtafuta mwenye nyumba. Nimetoka Usagara."

"Ametoka kidogo. Una shida gani?"

"Nimefuata ngozi yangu. Aliniambia akishachuna atanitunzia ngozi."

"Ngozi ya nini, baba?"

"Ya ng'ombe wangu. Alikufa mwenyewe kabla ya sherehe. Alivimba tumbo kama ngoma, asubuhi tukamkuta ameanguka. Mwenye nyumba alikuwa anapita na lori la mtu, akaniomba. Akasema kuna Mzungu wa pamba ana mbwa wakubwa."

Nilisikia maneno yake yote vizuri, lakini yalikuwa yanashuka polepole, kama kitu kinachozama. Kulwa alikuwa ametoka akashika mlango. Na yule mama Mkerewe, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni pake, aliweka ungo chini, akaingia ndani. Akatoka anaburuta ngozi iliyokunjwa na kunyunyizwa chumvi. Akaikunjua uani kwa mguu. Nzi wakanyanyuka.

"Ni hii?" akamwuliza mzee.

Mzee akainama, akagusa baka jeupe la ubavuni. "Ndiye huyu." Akatutazama mmoja mmoja, akamtazama mtoto mapajani mwangu, akaelewa. Akasema taratibu, "Mimi niliambiwa mbwa."

Harufu iliyotoka kwenye ile ngozi niliifahamu. Nilikwisha kuila. Chini ya tangawizi, chini ya siki, chini ya ile sosi nyeusi, ilikuwepo siku ile, nami nikaiita utamu. Kibudu. Sisi Waislamu tumelishwa kibudu na wazee wakakiombea dua. Nilimkabidhi Kulwa mtoto nikaenda kutapika kando ya kisima. Hakikutoka kitu, zilikuwa zimepita siku nyingi. Nikajiingiza vidole, bado hakikutoka kitu.

Mwenye nyumba alirudi akatukuta wote tumesimama. Mume wangu naye alikuwa amekwisha kuitwa kutoka kazini. Aliiona ngozi, akamwona mzee, na sikuona uso wake ukibadilika.

"Mmeninunia nini?" akasema. "Mlikula, mkashiba, mkasifu. Kule Burma tulikula nyumbu wa jeshi, wale wa kubebea mizigo, mzoga umelala siku tatu. Nani alikufa?"

Mume wangu akasema, "Mtoto wangu anakufa."

"Watoto huharisha. Ukimchunguza sana bata..."

"Baba," nikamkatiza. "Mbona wewe hukula siku ile?"

Aliutazama ule ukucha wake, akaukwangua kwa kidole gumba.

"Tumbo langu lilikuwa halikai sawa," akasema.

Mkewe alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka, na sitaki kusikia tena kicheko cha namna ile. Akamwambia, kwa sauti yake ileile ya kutoamsha mtoto, "Miaka yote hii. Sahani ya kwanza."

Hakungoja jibu. Alifunga vitu vyake ndani ya kanga mbili, na mashua ya kwenda Ukerewe ilipoondoka kesho yake alikuwemo. Sikupata habari zake tena.

Wazee wa msikitini walisema aliyekula bila kujua hana dhambi, Mungu ni mwingi wa rehema. Mume wangu alifarijika. Mimi roho yangu ilikubali, lakini tumbo halikusikia maneno ya wazee. Zuhura alipona, nashukuru, ingawa alichelewa kutembea. Tulihama kabla mwezi haujaisha. Kulwa alihama pia. Niliambiwa wapangaji wapya walikuwa wakiingia na kutoka, kwa sababu mtaa haukunyamaza, na mwishowe aliiuza nyumba akaondoka mjini.

Nadhani wengine watashangaa, lakini chakula kile napika hadi leo. Mume wangu anakipenda, na sijui njia ya haraka zaidi ya kulisha watu kwa nyama kidogo. Naenda buchani mwenyewe, nasimama hadi nimeona paja limekatwa mbele yangu. Nainusa mbichi. Nakata kinyume cha nyuzi, navika unga wa muhogo, nangoja karai litoe moshi, yote kama alivyofanya. Wakikaa kula, mimi hula maharage.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Tulikuwa tunakwenda Geita kwenye harusi, mimi na Zuhura, ameshaanza shule, na gari letu lilivuka kwa kivuko hadi Busisi likaharibikia palepale ufukoni. Dereva akaingia uvunguni, abiria tukasambaa. Kulikuwa na vibanda vya makuti, na mbele ya kimoja malori yameegeshwa, watu wamekaa kwenye mabenchi. Niliisikia ile harufu kabla sijaona mpishi.

Alikuwa amekonda, mvi hadi kifuani, lakini mkono ulikuwa uleule mwepesi. Mguu wangu ungeweza kugeuka, ila yeye aliinua macho, na ulimi ukanitangulia, kwa sababu nimefundishwa hivyo tangu utoto.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama Zuhura." Akamtazama mtoto juu hadi chini. "Huyu ndiye yule? Amekua." Akatabasamu, meno ya mbele hayapo. "Unaona sasa. Hakufa."

Nilimvuta Zuhura nyuma yangu. Nilikuwa naona tena mapaja yangu yamelowa siku ile uani, na ngozi ya tumbo lake inabaki imesimama.

Dereva mmoja wa lori, kijana mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa anasubiri sahani. Akanigeukia kwa uchangamfu. "Mama, kumbe mnafahamiana na mzee? Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza hapa. Chakula chake kizuri?"

Mpishi aliendelea kugeuza karai, lakini alikuwa ananitazama. Mara hii uso ulibadilika. Macho yaliomba. Nilijua neno moja tu lingetosha, na benchi lote lingesimama.

"Anapika vizuri," nikamwambia yule kijana. "Sijaona anayemshinda. Ila kabla hujala mwulize nyama ameitoa wapi."

Kijana akacheka, akidhani ni utani wa watu wa mji mmoja. "Haya, mzee, umeitoa wapi?"

"Buchani," akasema haraka. "Buchani, kijana, Sengerema. Leo asubuhi."

Huenda ilikuwa kweli. Kijana alimtazama, akanitazama mimi, na kicheko kikamwishia usoni. Hakuondoka. Aliipokea sahani akaiweka magotini, akainusa, akaanza kutafuta kitu ndani yake kwa uma, akigeuza kipande baada ya kipande kwenye mwanga. Mtu wa kando yake naye akaacha kutafuna.

Nilimshika Zuhura mkono tukateremka hadi majini.

"Mama," akasema, "kwa nini hatukula? Kinanukia vizuri."

"Kinanukia vizuri sana," nikasema.

Tulikuwa hatujaweka kitu mdomoni tangu alfajiri. Nilisimama juu ya jiwe nikitazama maji, na mdomo wangu ulikuwa umejaa mate. Nikainama, nikayatema yote ziwani.